Kamba za Viatu vya Bibi Zlata

Simu ilikuwa mezani kando ya sahani ya Hadas, na Nehama alikwisha kuifuta kioo mara tatu kwa pindo la aproni. Mbio za mita elfu moja na mia tano zilimalizika Tel Aviv tangu saa moja jioni. Sasa ni saa nne usiku, na bintiye hajasema neno. Mwishowe akampigia kocha simu. Hadas alikuwa anaongoza, akajikwaa mzunguko wa mwisho, akaanguka, akatoka uwanjani bila kumaliza.

Alirudi Haifa usiku uleule, akapita bila salamu, akajifungia chumbani. Asubuhi Nehama alivikuta viatu vyake vya mbio kwenye pipa la taka, chini ya maganda ya mayai. Akavisafisha, akavificha kabatini.

Siku mbili zikapita. Sahani zilirudi zimejaa. Nehama ni mpishi wa shule. Watoto wanaosusa chakula anawajua. Huyu hakuwa anasusa. Alikuwa anaacha kila kitu.

Jumanne ikafika. Kila Jumanne vijana wa klabu yake ya riadha huwatembelea wazee walionusurika kambi za Wanazi, na Hadas alipangiwa Bibi Zlata wa ghorofa ya chini, jengo lilelile. Kazi yake ni kusikiliza, kumfunga kamba za viatu, kisha kumsindikiza dukani kununua mkate. Vidole vya Zlata viliharibiwa na baridi akiwa na miaka kumi na minne. Viatu visivyo na kamba havitaki. Anasema hivyo ni vya wagonjwa.

Saa nne asubuhi mlango ukagongwa. Zlata alikuwa ameshika ukuta, anahema.

"Bibi, heri umekuja," Nehama alinong'ona. "Mwambie jinsi Wanazi walivyowatembeza kwenye theluji. Aone kwamba kuanguka uwanjani si kitu."

"Nehama, mwanangu, njaa yangu si fimbo ya kumchapia mtoto. Nipe kiti."

Akaketi mbele ya mlango wa chumba.

"Hadas! Umechelewa kazini."

"Nenda tu, Bibi."

"Nina miaka tisini na nne. Niende wapi?"

Sauti iliyokauka ikatoka ndani: "Naona aibu. Wewe ulipita yale yote, mimi nalilia mbio."

"Kule walitupimia mkate. Machozi hakuna aliyetupimia. Mimi nililia kutwa kwa ajili ya kitana kilichovunjika, na kichwani sikuwa na hata unywele mmoja, walikwisha kutunyoa."

"Watu walikwambia nini?"

"Dada yangu aliniambia, nyamaza, pua yako imeshakuwa kubwa vya kutosha."

Nyuma ya mlango mtu alivuta kamasi, au alicheka. Nehama hakuweza kujua. Alisimama ameshika kitambaa cha vyombo.

"Halafu?"

"Halafu akanifunga kamba za viatu, nami nikamfunga zake. Tukaondoka." Zlata alinyoosha miguu. "Leo nimepanda ngazi arobaini na nane, kamba zinaburuta. Nishuke vilevile?"

"Bibi! Umepanda hivyo? Ungeanguka!"

"Ningekuita. Si wewe mtaalamu wa kuanguka?"

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha mikono miwili, kisha goti lenye bendeji, kisha mtoto mzima.