Maharage ya Mama Neema na Neno Formicidae

Jamani, aibu hii hata leo nikiikumbuka pale kwenye mbao zangu Makambako najikuta nimefunika uso kwa mikono, lakini kwa kuwa mmeshaanza kunicheka (na mlisimuliwa nusu, tena vibaya) acheni niwape yote.

Nilikuwa nampenda mwalimu Neema. Alifundisha baiolojia, tuliimba kwaya moja, na mwaka mzima sikuwahi kumwambia la maana zaidi ya salamu yetu, "Kamwene." Halafu nikasikia amepata uhamisho wa Ludewa, anaondoka Jumatatu. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno, nikaapa moyoni kwamba siku hiyo namwambia.

Jumamosi akasahau daftari lake kwenye benchi la kwaya, nami nikalichukua nimrudishie, nikachungulia (ndiyo, nilichungulia). Kulikuwa na neno Formicidae, jina la kitaalamu la jamii yote ya sisimizi na siafu, na chini yake sentensi za mfano. Nikaona nikilitumia mbele yake atajua kuwa hata muuza mbao ana kichwa.

Baada ya ibada, tukatoka nje kunadi sadaka za mazao kama kawaida yetu, mnadishaji sauti ikamkauka, mzee wa kanisa akanisukuma mimi. Mahindi niliyauza vizuri tu. Likaja debe la maharage la mama yake Neema, mjane aliyelisafirisha kutoka Njombe, na Neema amesimama ubavuni pake. Nikapanda juu ya kiti.

"Wapendwa, maharage haya hayana Formicidae hata mmoja! Njombe Formicidae wamejaa, lakini kwa mama huyu hawajaingia!"

Mama mmoja aliyekuwa anayapapasa maharage akatoa mkono haraka, akaufuta kwenye kitenge.

"Njombe kumeingia nini, mwanangu?" mzee wa kanisa akauliza.

Ningesema sisimizi yakaisha. Lakini Neema alikuwa ananitazama, nami nikadhani ni mapenzi, nikaongeza, "Msiogope wazee, Formicidae haui mtu, labda wawe wengi!"

Watu wakarudi nyuma, na mmoja akaanza kuuliza kama mahindi aliyonunua yanarudishwa. Mama Neema akainama kufunika debe lake, maana sadaka yake imekataliwa mbele ya kanisa zima. Nilitamani ardhi ipasuke.

Neema akaja mbele. "Jamani, ni sisimizi tu."

Kicheko kilichoanguliwa pale hamjawahi kukisikia! Debe likagombaniwa, mama wa watu akacheka hadi machozi, nami bado niko juu ya kiti kama mjinga.

Walipotawanyika Neema akanifuata, akachukua daftari lake, akaniuliza taratibu, "Kaka, ulikuwa unataka kuniambia nini hasa?"

Nafasi ndiyo hiyo, mkononi kabisa. Aibu ikanishinda. Nikasema, "Safari njema, mwalimu." Akanitazama kidogo, akaenda kumsaidia mama yake.

Namkumbuka sana, sitawaficha. Jioni baridi ikishuka namkumbuka zaidi. Nimeapa sitapanda tena kwenye kiti kwa neno la kuazima, na nikimpenda mtu nitamwambia kwa maneno haya haya ninayoombea chumvi. Ila wa kumwambia yuko Ludewa.