Mama Mkwe Anapima Magari

Mama mkwe wangu, Jenoveva wa Buswahili, hakai kiti cha mbele nikiwa mimi ndiye dereva. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana hivyo: hatukai bega kwa bega, hatutazamani machoni, na akitaka kunipa kitu, hata kibuyu cha maziwa, hukiweka chini kwanza, ndipo nikiokote. Nampenda sana mama huyu, wala sioni haya kulisema.

Mke wangu, Debora, alimpoteza mtoto wetu wa kwanza juu ya bodaboda, njiani kwenda hospitali. Aliposhika mimba tena, akarudi kwao Buswahili kusubiri siku zake, Jenoveva aliuza ng'ombe wale wale niliowatoa mahari. Akaniita kutoka gereji yangu ya Nyamuswa.

"Mkwe, wewe ni fundi. Twende tutafute gari."

Buhare tulikuta mawili yaliyotumika, Probox na Noah. Moyo wangu ulikuwa kwa Probox. Injini ya cc elfu moja na mia tano, mafuta inaramba tu, mlima inaupanda bila kulalamika, na spea zake zimejaa madukani. Noah ilikuwa na cc elfu mbili, nzito, na kiu yake ya mafuta naijua. Nilimweleza yote hayo nikiwa nimeinamia boneti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalaza viti vya nyuma vya Probox, akajinyoosha chali na kibuyu cha maziwa alichokuja nacho, kisicho na kizibo, tumboni.

"Endesha, mkwe. Pita kule kwenye mashimo."

Nilidhani ananitania. Tuliporudi, maziwa yalikuwa yamelowesha kitenge chake chote. Alinunua maziwa mengine, akakijaza kibuyu, akalala vile vile kwenye Noah; nikapita mashimo yale yale, na hakuna kilichomwagika.

"Ile ya kwanza ni ya kubebea mihogo," alisema, akitazama pembeni. "Tuchukue hii."

"Mama, hii inakunywaga mafuta sana."

"Mafuta yananunuliwaga, mkwe."

Debora alishikwa na uchungu siku ya mvua. Mimi mbele, wao nyuma. Kila nilipokanyaga mafuta, mama alisema, "Polepole." Noah ilijikokota mlimani, nami nikaitamani Probox, Mungu anisamehe. Tulipokaribia Buhare, Debora alipiga ukelele mmoja.

"Usigeuke, mkwe. Endesha."

Nikapindua kioo cha kuonea nyuma kikatazama paa. Mara nikasikia mtoto analia, nami nikalia huku nimeshika usukani.

Hospitalini nilifungua mlango wa nyuma. Debora alikuwa amelala hoi, anatabasamu. Jenoveva alishuka na mtoto ndani ya kanga. Niliinama, nikingoja amlaze kwanza kwenye kiti, ndipo nimchukue.

Akanitazama machoni, akamweka mikononi mwangu.