Namba ya Dâmaris

Nova Friburgo ni mji wa milimani nchini Brazili ambako ukirusha jiwe litaangukia cherehani. Huko Marilza alikuwa na sifa moja isiyohitaji cheti: akimwona mwanamke anavuka barabara, alikutajia namba ya sidiria yake kabla hajafika upande wa pili. Alikuwa ameshona sidiria miaka ishirini na miwili, kwanza kwenye viwanda vya matajiri, kisha kwenye gereji ya nyumba yake, ambayo gari halijapata kuingia. Walifanya kazi wanne humo. Yeye alishona vikombe, wifi yake Creusa alishona lastiki, Neide alitia kulabu, na bibi mmoja wa jirani, Jandira, alikata nyuzi huku akisema maneno ambayo bibi hapaswi kuyajua. Sidiria zilining'inia kwenye kamba na kwenye migongo ya viti, na oda ikiwa kubwa zililala hata mezani kando ya sufuria ya maharage. Hakuna aliyeziona haya. Kwao kifua cha mtu kilikuwa kazi, kama mguu kwa fundi viatu.

Humo ndimo alimokulia Dâmaris, binti yake wa pekee, na jinsi mtoto aliyekulia humo alivyoweza kuwa na haya kiasi kile ni jambo ambalo Marilza hakulielewa kamwe. Alikuwa mtoto wa kuitikia kwa kichwa. Akitumwa dukani na muuzaji asimsikie, alirudi bila chumvi. Creusa alisema amemfuata baba yake, Valdeci, fundi wa mapaa, ambaye aliweza kuezeka nyumba nzima bila kutoa neno.

Balaa lilianza mwezi wa Agosti, baridi ikiwa kali, saa ya kahawa. Ilikuwa imeingia oda ya sidiria za wasichana wadogo, zile za mwanzo kabisa, nao walikuwa wanabishania vipimo kwa sababu hapakuwa na mwili wa kujaribia. Dâmaris akaingia kutoka shule na mkate kwapani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Marilza hakufikiri. Alimvuta, akamzungushia futi juu ya sare ya shule, akatangaza kwa sauti ileile anayoitia namba za oda: "Thelathini na nne!" Neide akaandika ubaoni kwa chaki. Jandira akapiga makofi, akasema mwakani mama mtu ataachwa nyuma. Wakacheka wote, na mlangoni akacheka pia mzee Ademir, mleta lastiki, ambaye hakuna aliyemsikia akifika.

Yule mzee hakuwa na ubaya wowote; alicheka kwa kuwa wenzake walikuwa wanacheka. Lakini alikuwa mwanamume na alikuwa ameisikia namba. Dâmaris aliuweka mkate mezani taratibu, akaingia ndani. Tangu siku hiyo alivaa jaketi la baba yake, jeusi, lililomfika magotini. Alilivaa shuleni, alilivaa kanisani, alilivaa hata akila, na mabega akayakunja mbele kama mtu anayekinga mshumaa usizimwe na upepo. Gereji hakukanyaga tena. Aliingilia mlango wa uani, akipita kwenye tope la kuku.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini wahenga hawakumjua Marilza, ambaye akijikwaa ulimi huinuka na kuendelea na safari. Yeye aliona dawa ni kushona. Alimshonea sidiria tatu nyeupe, kila moja na ua dogo katikati, akaziweka juu ya mto wake bila kusema kitu, na kwa Marilza kunyamaza ilikuwa zawadi kubwa kuliko hizo sidiria. Kesho yake zilikutwa kwenye gunia la oda, zimekunjwa vizuri pamoja na za wateja. Creusa alisema mtoto anadeka, azabwe kibao kimoja tu. Marilza akamwambia ashone lastiki yake.

Kilichomtoa jasho ni maneno ya mwalimu wa michezo, aliyekutana naye mbele ya duka la mikate. Mwalimu aliuliza kama Dâmaris anaumwa, maana wiki ya sita hii haji kwenye mpira wa mikono. Mpira ule ndio ulikuwa mahali pekee duniani ambapo binti yake alipiga kelele. Alikuwa akiomba pasi kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, na Marilza alikuwa akisimama nje ya uzio makusudi aisikie. Hapo ndipo aliposhikwa na hofu ya kweli. Kwa miaka yote ile alikuwa amewapima wanawake wengi ambao mabega yao yalijifunga wakiwa na miaka kumi na miwili na hayakufunguka tena hadi uzee. Aliwajua mara tu walipoingia. Hakuwahi kujiuliza ni nani aliyewafunga, na sasa alijua kwamba huyu mmoja alikuwa amefungwa na yeye.

Jioni ile alikaa ukingoni mwa kitanda cha binti.

"Unataka nini, mwanangu? Niambie tu."

"Ya dukani."

"Ya dukani? Na nyumba yote hii imejaa..."

"Ya dukani, mama. Mahali ambapo hakuna anayekujua."

Maneno hayo yalimwuma, na hakujisingizia kwamba hayakumwuma. Alisema sawa.

Jumamosi waliwaaga wenzao kwamba wanakwenda kutafuta viatu vya shule, wakapanda basi linaloteremka hadi Niterói, jiji la pwani. Njiani Dâmaris alitoa masharti yake akiwa ametazama dirishani. Mama asiseme kazi yake. Mama asiguse kitu. Na mama akiulizwa namba, aseme hajui. Marilza alikubali yote matatu, na hilo la tatu alilikubali kwa shida kama anayemeza kidonge bila maji.

Duka walilolipata lilikuwa jembamba, nyuma ya kanisa, la mama mmoja mtu mzima aitwaye Dona Odete, mwenye miwani ya kamba shingoni. Marilza alitupa jicho mara moja akajua nusu ya mali ile imeshuka na basi kutoka kwao. Sidiria moja dirishani ilikuwa na mshono ambao yeye angeufumua na kumkaripia aliyeushona. Aliitia mikono yote miwili mfukoni ili isije ikajiendea yenyewe.

Dona Odete alimtazama mtoto usoni, si kwingine, kisha akamwuliza Marilza binti anavaa namba gani.

"Sijui," alisema Marilza.

Tangu aanze kazi hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya sidiria. Dona Odete hakushangaa. Kina mama wasiojua aliwaona kila siku. Alimweleza kwa upole kwamba nguo hizi hufuliwa kwa mkono, hazikamuliwi, wala hazianikwi juani, naye Marilza aliitikia kila neno kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kisha Dona Odete alichukua futi, akamkabidhi Dâmaris mwenyewe.

"Jipime, binti. Chini ya kifua, halafu juu. Ukimaliza uninong'oneze. Mimi nasimama hapa, nimekupa mgongo."

Pazia lilifungwa. Muda ulipita ambao Marilza angeweza kushona vikombe vinne. Mwishowe ikatoka sauti ndogo, Dona Odete akainamisha sikio nyuma bila kugeuka, na wala hakuirudia namba aliyoambiwa. Alikwenda tu kwenye rafu, akavuta boksi. Marilza akaisoma karatasi ya boksi lile: thelathini na sita.

Si kweli, alijisemea. Mtoto kasoma futi vibaya. Neno lilishafika kwenye meno. Akalishikilia hapohapo, akauma shavu kwa ndani.

"Mama." Ilikuwa sauti ya nyuma ya pazia. "Njoo. Lakini usiseme kitu."

Aliingia. Jaketi lilikuwa limelala sakafuni. Sidiria ilikuwa imekaa sawa kabisa, mkanda umelala mgongoni bila kupanda wala kubana, na ilikuwa thelathini na sita, hapakuwa na ubishi. Siku ile ya Agosti alikuwa amempima mtoto aliyejikunyata kwa aibu mbele za watu, akaitangaza namba ya aibu ile kana kwamba ndiyo namba ya binti yake. Aliposema hajui alidhani anadanganya, kumbe alisema kweli. Aliona haya, haya za mtu mzima ambazo hazina pa kujificha, na papo hapo akafurahi, kwa sababu Dâmaris alikuwa amesimama wima na alikuwa mrefu kuliko alivyofikiri. Aliitikia kwa kichwa, naye binti akaitikia hivyohivyo.

Walirudi mlimani wakila mikate midogo ya jibini, Dâmaris akiwa ameivaa ile sidiria, jaketi limefungwa hadi shingoni kwa sababu ya baridi, au ndivyo alivyosema. Walifika wanawake wakiwa bado kazini. Dâmaris alielekea mlango wa uani kama kawaida, lakini kuku walikuwa wamefungiwa hapo na komeo limebanwa kwa ndani, ikambidi amfuate mama yake gerejini. Humo mlikuwa na joto la pasi. Alilivua jaketi akalishika mkononi.

Jandira aliuliza viatu viko wapi. Marilza akasema havikupatikana. Creusa aliitazama blauzi ya mtoto pale begani, mkanda ulipojichora, mara moja tu, na mwanamke aliyeshona lastiki miaka kumi na tano hadanganywi na bega. Akasimamisha cherehani. Wengine nao wakaacha kazi.

"Hiyo si yetu," alisema Creusa. "Haya, mama mtu, tuambie. Ni namba gani?"

Dâmaris alikuwa katikati ya gereji, na mabega yalianza kurudi mbele.

"Sijui," alisema Marilza.

"Wewe? Wewe hujui?"

"Sijui, wifi. Mimi nilikwenda kulipa tu. Mwenyewe ndiye anajua."

Wote watatu wakamgeukia mtoto. Alitazama sakafu iliyojaa vipande vya uzi. Alipoinua uso mabega yalikuwa yamesimama, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya kuombea pasi.

"Nimesahau, shangazi."

Jandira ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hadi mkasi ukamponyoka. Creusa akasema huyo sasa ndiye mtoto wa Marilza. Dâmaris akapita katikati yao kuelekea jikoni, na kwenye mlango akasema, bila kugeuka, kwamba Jumatatu ana mazoezi na atachelewa kurudi.

Marilza alikaa kwenye cherehani yake. Sidiria ya kwanza aliyoishona jioni ile aliitia vikombe viwili vya kushoto, ikabidi aifumue yote.