Kura ya Thelathini na Moja

Kwaya yetu ya Kitale ilikuwa na waimbaji thelathini na mmoja, na hilo halikuwa tatizo mpaka tulipoalikwa kwenye tamasha Bungoma. Barua ya mwaliko ilitaka kila kwaya isimame kwa safu zilizo sawa. Mwenyekiti wetu huheshimu kila karatasi yenye muhuri, kwa hiyo akaitisha kikao.

Nilikuwa katibu, na kumbukumbu za kikao hicho ninazo. Safu mbili: mmoja alibaki. Tatu: mmoja. Nne: watatu. Tano: mmoja tena. Mwalimu wa hesabu, ambaye huimba besi, alisimama akasema thelathini na moja ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na ukishajaribu hadi tano huna haja ya kuendelea.

"Saba umejaribu?" mwenyekiti akamuuliza.

"Si lazima, mzee."

"Ati si lazima! Ndiyo maana watoto wetu wanaanguka hesabu, bana. Walimu wanachoka mapema."

Tukapanga punje za mahindi mezani, saba saba. Zikabaki tatu. Mwenyekiti akaamua tupige kura: je, thelathini na moja inagawanyika? Kumi na tisa walisema ndiyo, kumi na mmoja wakasema hapana, na mimi sikupiga kwa kuwa nilikuwa naandika. Hoja ikapita. Mwalimu akanong'ona kwamba hata kumi na tisa ni tasa, na kumi na moja pia. Akaambiwa aache siasa.

Punje hazikutii kura. Ikabidi mtu mmoja atoke, tubaki safu tatu za kumi. Macho yakaenda kwa mama mmoja wa sauti ya pili, mjane, ambaye magoti humchelewesha kupanda jukwaani. Akapewa kile nilichokiandika kuwa "mapumziko ya heshima".

"Binti yangu ameolewa Bungoma," akasema. "Hajawahi kuniona nikiimba. Nimeshamwambia aje."

"Tunakuombea, mama," mwenyekiti akajibu, akafunga kikao.

Siku ya tamasha, mwimbaji mmoja alishuka Kimilili kusalimia wakwe. Tulipompigia simu alisema, "Niko njiani kabisa," na nyuma yake tukasikia jogoo akikimbizwa. Tukajua hatafika kabla ya kula.

"Si afadhali?" mwenyekiti akasema. "Tumepungua tena, tutagawanyika zaidi."

"Ishirini na tisa nayo ni tasa," mwalimu akasema, akishindwa kuficha furaha. "Hiyo na ile thelathini na moja ni kama mapacha, mzee. Zimeiweka thelathini katikati."

Mama alikuwa ameketi na watazamaji, kando ya bintiye, amevaa sare yetu. Mwenyekiti akamwendea, nami nikamfuata na daftari.

"Mama, tunakuhitaji."

"Mnanihitaji mimi ama mnahitaji mmoja?"

Kwaya yetu ilikuwa imeshaitwa jukwaani mara mbili. "Wewe, mama."

"Basi nitasimama mbele, katikati. Huyu binti yangu haoni mbali."

Mwalimu akaanza kueleza kwamba safu ya watu kumi haina mtu wa katikati. Mwenyekiti akamkanyaga mguu. Watu wakahama wenyewe hadi zikawa safu mbili za kumi na tano, na nafasi ya katikati ikapatikana. Mama akapanda ngazi polepole, akasimama pale, akaanza kumtafuta bintiye kwa macho. Mwongozaji aliinua mikono, akaishusha, akangoja mpaka mama alipomwona.