Kisulisuli na Karanga za Mbegu

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu nje ya Dodoma, hakuna aliyejua kunikera kama bibi mzaa baba. Mpaka leo, mtu mzima na kazi yangu ya ofisini kwenye mji wa serikali pale Mtumba, nikimkumbuka nasonya kwanza, ndipo nacheka.

Mwaka huo mvua ilitutupa. Uwele uliisha mapema, tukawa tunakula mara moja kwa siku, mlenda mwingi na ugali kiduchu. Ndani lilibaki gunia moja la karanga, nalo lilikuwa la mbegu. Bibi alituketisha uani, mimi na binamu yangu Sechelela, tuzimenye. Kwingine watoto huambiwa wapige miluzi wakimenya, maana mdomo unaopiga mluzi hautafuni. Bibi hakutaka miluzi. Alisema inaita kisulisuli. Yeye alitusimulia.

"Bibi, hadithi mchana si mwiko?" Sechelela aliuliza.

"Nani kasema hadithi? Hii ni habari. Ilitokea hapo kwa jirani."

Jamani! Siku hizi vijana wa kundi letu la waandishi wananiletea hadithi zao za kutisha nizisome. Sentensi ya kwanza jini, ya pili damu, ya tatu macho mekundu. Nachoka mimi! Bibi hakutuonyesha jini hata ukucha. Alianza na mama mmoja anapepeta uwele, watoto wake wako kando, chungu hakijafunikwa. Hata ufa wa kile chungu alituambia ulikuwa upande gani. Ndipo kisulisuli kikaingia uani, hiki kivumbi chetu cha kiangazi kinachozunguka. Lakini hakikupita. Kilisimama mbele ya mtoto mmoja, yule aliyekuwa kala mbegu kwa siri, kama kinamnusa mdomo.

"Halafu?" niliuliza.

"Menyeni."

Akachambua vijiwe kwenye ungo, akalalamikia mgongo wake, na mimi huku roho juu.

"Bibi, halafu?"

Akashusha sauti. "Mama akasikia anaitwa. Sauti ya mwanawe kabisa, inatoka kwenye vumbi. Akageuka, mwanawe huyu hapa kakaa, kafumba mdomo."

Sechelela alikuwa na karanga shavuni, nilimwona. Na wakati huohuo, haki ya Mungu, vumbi likainuka nyuma ya zizi, likaja linazunguka na majani makavu mpaka uani kwetu. Bibi hakupiga kelele. Alinyoosha mkono taratibu, akafunika chungu cha maji. Basi! Sechelela akaitema karanga ikiwa nzima, akaangua kilio. Mimi nikajifuta mdomo, nao haukuwa na kitu.

Kisulisuli kikapita, na habari ikaishia hapo. Kiangazi chote tulimsumbua atumalizie, jibu likawa lilelile: "Menyeni." Kwenye lile gunia hatukula tena hata punje. Ila na chooni nikawa siendi peke yangu, tena mchana kweupe, hebu fikiria! Nilimkasirikia kweli yule mwanamke.

Mwaka jana nilimfuata. Kazeeka, masikio mazito. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia kwa sauti, "Bibi, leo sitoki hapa. Kile kisulisuli kilimfanya nini yule mtoto?"

Akanitazama kwa uchovu, utadhani msumbufu ni mimi.

"Wewe nawe! Unataka mwisho upi tena? Mvua ilikuja, tukapanda. Mkala."

Miaka yote hii najisifu kwamba najua alivyotutisha: alichoficha, alipokatiza, alipopunguza sauti. Sikuwahi kufikiria kwamba siku ile pale uani aliyekuwa anaogopa kuliko wote ni yeye. Alikuwa na gunia moja na watoto wawili wenye njaa, na hakutaka kutupiga.