Piano Kati ya Makayabu

Wengine wakisikia harufu ya makayabu, wale samaki wa chumvi wakavu na wagumu kama ubao, mate huwajaa mdomoni. Mimi huamka masikio. Nikipita sokoni penye mabunda ya makayabu nasikia piano, tena piano ya kishindo, na mgongo wangu unanyooka wenyewe kana kwamba kuna askari sebuleni. Usinicheke, msomaji. Kila mtu ana harufu iliyomlea.

Nyumba yetu ya Kisangani ilipata piano kwa bahati tu. Papa, yaani baba yangu, mfanyabiashara kutoka pande za Butembo, aliinunua nyumba kwa mzungu aliyekuwa na haraka ya kuondoka, na piano ikabaki kwa sababu haikupita mlangoni. Namna ilivyoingia hakuna aliyeweza kutueleza. Papa, ambaye hakupenda kuona kitu kinakaa bure, aliizungushia maboksi ya makayabu kila upande, mengine akayapanga juu yake. Chumba cha pili kilikuwa ghala la maharagwe, kimetengwa na sebule kwa pazia. Nyuma ya magunia ndipo ilipokaa phonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, ambayo wafanyabiashara wote waliitegemea kabla simu za mkononi hazijatufikia.

Mpigaji wa piano alikuwa Tantine Yolande, dada yake mdogo Papa. Masista walimfundisha tangu usichana wake, na asubuhi alipanda toleka, baiskeli ya abiria, kwenda Mangobo kufundisha kwaya ya parokia. Akirudi anashusha maboksi, anapangusa chumvi, anakaa. Alikuwa na kipande kimoja kirefu alichokipigania kwa miaka, kilichotungwa na mzungu mmoja wa karne ya kumi na tisa. Kiliandikwa kwa piano peke yake, lakini kana kwamba okestra nzima imejificha ndani ya sanduku lile. Kuna mahali tarumbeta, ngoma na fidla zinalia zote kwa pamoja. Kisha zinanyamaza, na piano inaingia yenyewe kwa upole, kama mtu aliyengoja wageni waondoke ndipo aseme la moyoni. Yote hayo ni kazi ya vidole kumi. Mimi niliyekuwa na miaka tisa nilizipa sehemu hizo majina: ya kwanza Bendi, ya pili Peke Yake. Bendi iliniuma meno. Peke Yake niliipenda hata nikaacha kucheza nje ili niisubiri.

Papa hakuwa na huruma na mtunzi huyo. "Huyu muzungu alikosa bapiga-miziki," alikuwa akisema huku akivua viatu, "sasa anabebesha dada yangu muzigo ya batu makumi! Yolande, fika kule kwa polepole, masikio yangu ipumzike." Nadhani Peke Yake ndiyo sehemu pekee aliyoijua, maana kila ilipoingia alifumba macho.

Kisha yakaja yale majeshi mawili ya kigeni. Yaliingia pamoja kama marafiki, yakagawana mji wetu, halafu yakageukiana. Wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia, na sisi tulikuwa nyasi hasa. Mabomu yalianguka leo, kesho wanasema wamepatana, keshokutwa yanaanguka tena. Jeshi lililoshika mtaa wetu likatangaza kwamba phonie zote zipelekwe kwao. Atakayekutwa nayo ni mpelelezi wa upande wa pili, na sote tulijua wapelelezi wanafanywa nini.

Mama hakuipeleka. Papa alikuwa Bengamisa, ng'ambo ya mto, kununua mchele, akakwama huko vita vilipoanza tena, na phonie ndiyo kamba pekee iliyotufunga naye. Kila alasiri saa kumi Mama aliingia nyuma ya magunia, akaunganisha betri ya gari. Phonie yetu ilikuwa kuukuu. Kitufe cha sauti kilikuwa kimevunjika, nayo ilipiga kelele tu, haikujua kunong'ona. Kwa hiyo ilipofika saa kumi Tantine alianza Bendi, na Mama alihakikisha amemaliza kuongea kabla Peke Yake haijaingia. Mimi niliambiwa kwamba Tantine anafanya mazoezi. Niliamini, ingawa niliona ajabu mtu kufanya mazoezi risasi zikilia upande wa Kapalata.

Siku ninayoisimulia, Mama alirudi kutoka kisimani uso umebadilika. Mwanamke aliyewafulia askari nguo alikuwa amemnong'oneza kwamba wameweka mitego na bunduki kubwa kwenye daraja la Tshopo, na gari lolote litakalotoka ng'ambo litapigwa bila kuulizwa. Na jana yake Papa alikuwa amesema kwamba leo, wakishaongea tu saa kumi, atapanda lori aje nyumbani.

"Nitamwambia asikuje," Mama alimwambia Tantine. "Yolande, piga na nguvu."

Tantine akapiga. Nilikaa juu ya boksi langu la makayabu. Mama hajakaa sawasawa nyuma ya magunia, mlango wa mbele ukagongwa kwa kitako cha bunduki.

Waliingia askari watatu na mkubwa wao, mtu mrefu mwenye macho mekundu. Alitazama piano, akatazama maboksi, akatutazama sisi.

"Wanaume wako wapi?"

"Banaume gani, chef?" Tantine aliuliza.

"Wale wanaopiga muziki. Tumesikia toka barabarani. Watu wanne, watano. Umewaficha wapi?"

"Iko mimi moja tu, chef."

"Wewe mmoja? Unanifanya mtoto?" Akaelekeza kidole kwenye pazia la ghala. Askari mmoja akaanza kulifuata.

Tantine alicheka. Mpaka leo sijui kicheko kile alikitoa wapi. "Bon, ikala, chef! Ikala hapa, unione na macho yako. Kama unaona vidole ya mutu mwingine, unifunge." Akasukuma boksi kwa mguu. Mkubwa alisita, akaketi, akamwashiria askari wake asubiri. Wenye vyeo wanapenda kutumbuizwa.

Bendi ikaanza. Mkubwa aliinama kutazama mikono ya Tantine, akaanza kutabasamu kama mtu aliyeuziwa mbuzi wawili kwa bei ya mmoja. Ilikuwa karibu kuisha. Mimi nilikwisha kujiandaa kwa Peke Yake, kwa kuwa hata hofu haikunizuia kuipenda. Hapo ndipo, chini ya kishindo, nilipoisikia sauti ya Papa nyuma ya pazia, sauti niliyoijua kuliko yangu.

"Allô, allô, Kisangani! Munanipata? Allô!"

Tantine aliisikia pia. Niliona shingo yake ikianza kugeukia pazia, ikarudi. Pale ambapo mikono ilipaswa kutulia, ikaruka ikarudi mwanzo wa Bendi, kwa nguvu zaidi. Ikafika tena mwisho, ikarudi tena. Piano ilitikisa maboksi, chumvi ikamwagika sakafuni. Machozi yalimtiririka Tantine hadi kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mimi nilidhani amesahau kipande chake kwa woga, nikamwonea haya mbele ya wageni.

Mkubwa hatimaye akaziba masikio. "Basi, basi! Mwanamke huyu ni kikosi kizima!" Wakacheka wote, wakabeba maboksi mawili ya makayabu, wakaenda zao.

Mama alitoka ghalani akiwa ameloa jasho. Betri ilikuwa imekufa. Phonie haikutoa hata mkoromo. Jua lilipokuwa linazama tulisikia milio mizito kutoka darajani, mmoja, halafu mingi. Mama aliangukia rozari yake. Tantine alibaki kwenye kiti cha piano, mikono mapajani, viganja vikitazama juu.

Siku zikapita bila habari. Nilimtania Tantine kwamba siku hizi anasahau nyimbo, akanitazama tu. Hakutaka chakula. Mama alimsihi, akasema Mungu si Athumani, lakini yeye alisukuma sahani kando.

Kisha asubuhi moja Papa akaingia kwa miguu, amevushwa mto kwa mtumbwi mbali na daraja, ndevu zimeota, shati limechanika. Tulimrukia sote tukapiga kelele hata majirani wakatoka mahandakini. Tantine peke yake hakuja. Alisimama karibu na maboksi, mkono ukutani, hakumpa hata salamu. Nilimkasirikia sana. Nilisema moyoni, huyu hana upendo.

Kilichotokea Papa alikisimulia mara nyingi baadaye, kila Noeli, akipamba. Kumbe alipokuwa anaita, Mama hakuthubutu kusema neno na askari yuko karibu na pazia, wala hakujua azime nini, akafinya kitufe cha kusemea ili sauti ya Papa ikatike, asikiachie mpaka betri ikafa. Kitufe kile, ukikifinya, humsikii mwenzako, bali yeye anakusikia. Kwa hiyo Bengamisa yote ikapata piano. "Nikasema, bon, sasa polepole inakuja. Nangoja. Inarudia makelele! Nangoja tena. Inarudia! Nikasema, hapana, kule nyumbani kuna kitu." Akakataa kupanda. Lori la mwenzake lilitangulia, na halikufika. Papa alicheka akifika hapo, kisha akanyamaza, kwa sababu mwenzake huyo alikuwa na watoto.

Tantine hakucheka kamwe na hadithi hiyo. Nilikuwa mama wa watoto wawili nilipomwuliza kwa nini. Alikuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, na aliendelea kuchambua.

"Mama yako alifinya kitufe, mimi sikujua. Nilijua tu kaka yangu anaita, na mimi ninamuzimisha. Ningeacha kupiga, bangekamata mama yako na nyinyi bote. Ningeendelea, yeye anapanda lori bila kuambiwa. Donc, niliendelea."

Hapo ndipo nilipoielewa ile asubuhi. Sisi wengine tulimpokea baba aliyechelewa njiani. Tantine Yolande alikuwa anamtazama kaka yake, mtu ambaye yeye alikwisha kumuua kwa mikono yake miwili, amesimama sebuleni, anauliza kama kuna maji ya kunywa.