Wimbo wa Kumtoa Zuhura

Hatibu hutunga muziki wa tamthilia za televisheni. Ana chumba chake Kilakala, kinanda, kompyuta, na magodoro aliyoyapigilia ukutani ili jogoo wa jirani asiingie kwenye rekodi. Miaka nenda rudi alitunga vipande vya matangazo ya sabuni. Hakuna aliyemjua, na hilo lilimuuma kuliko njaa.

Dada yake Zuhura alipofariki, alipanda kwao milimani, Kinole. Katika ukoo wao, maiti ya mwanamke haitoki nyumbani mpaka mama au dada aiimbie wimbo mmoja usio na maneno, unaoimbwa midomo imefumbwa. Mama yao, Bi Mwanahawa, akaimba. Hatibu alikuwa analia, hilo silikatai. Lakini simu yake ilikuwa mfukoni, inarekodi.

Sauti ile aliiweka kwenye tamthilia, pale shujaa anapokufa. Mtayarishaji kule Dar akaipenda mno. Akaiongezea ngoma na filimbi, akaihamishia kwa mlevi anayedondoka mtaroni kila kipindi. Nchi nzima ikacheka. Hatibu angeweza kukataa, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye alitaka jina lake lisomeke mwishoni. Likasomeka.

Bi Mwanahawa aliusikia wimbo ule kwenye televisheni ya jirani. Akampigia mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hatibu, ule si wimbo tuliomtolea Zuhura?"

"Ni kazi tu, mama."

"Haya. Na mimi mtanitoa kwa upi?"

Hatibu alijiapiza kuuondoa wimbo msimu wa tamthilia ukiisha. Ukaja msimu mwingine, na mwingine, kwa kuwa watu walimpenda mlevi.

Wakati wa masika Bi Mwanahawa akafariki. Jeneza lilipoinuliwa, dada yake, Mama Mkubwa Asha, akauanza ule wimbo. Watoto ndio waliocheka kwanza. Kisha Kibwana, mtani wa ukoo, ambaye msibani ana ruhusa ya kumkejeli yeyote, akayumba kama yule mlevi na kujibwaga kwenye tope mbele ya jeneza. Ua zima likaangua kicheko. Mama Mkubwa akanyamaza, akajifunika khanga usoni.

Mtani hakasirikiwi, ndiyo mila. Watu wakamgeukia mfiwa, waone kama mjini kumemsahaulisha hilo. Hatibu akacheka. Na mama yake akatolewa hivyo hivyo, bila wimbo.